Pipa Lililozikwa Shambani Kwetu

Mume wangu alinipa habari ile huku anakula, kwa sauti ya mtu anayekutajia kwamba ndizi zimeiva. Alisema ametoa kile kipande chetu cha juu ya mto kwa Mzungu mmoja aliyetoka chuo kikuu cha kwao, aliyekuja kuchunguza jinsi mvua inavyoondoa udongo kwenye milima yetu.

"Kipande kipi?" nikamuuliza.

"Kile cha maharage."

"Maharage ya nani?"

"Yetu."

Kipande kile nilikuwa nikikilima tangu nilipoolewa Maguu. Kabla yangu alikilima mama mkwe, tangu siku alipoletwa yeye. Mume wangu alikuwa akifika pale mwanzoni mwa kilimo kukata majani na kuyapanga, kisha akirudi kwenye kahawa yake, na hatukumwona tena mpaka maharage yalipokuwa chunguni.

"Umeshatoa au unafikiria kutoa?"

"Nimeshatoa. Bwana shamba alinikuta barazani mbele ya watu. Ningesemaje?"

Angesema, "Ngoja nikaongee na wenye jembe." Lakini sikumjibu hivyo. Niliondoa sahani ikiwa bado na ugali, nikaenda nayo jikoni.

Inafaa nieleze kwamba mimi si mtu wa milimani. Nilizaliwa Ngumbo, kando ya ziwa, ambako tulilima muhogo kwenye mchanga na jembe liliingia ardhini bila kuombwa. Siku nilipoletwa Maguu na mawifi zangu niliona milima imesimama pande zote, nikauliza mashamba yako wapi. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mashamba ndiyo hiyo milima.

Ili kulima kwenye mteremko wa namna ile, Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, huchimba ngoro. Majani hukatwa na kupangwa chini kwa mistari inayokatizana, yakafanya vyumba vyumba. Halafu sisi wanawake tunaingia katikati ya kila chumba, tunachimba udongo na kuurushia juu ya yale majani, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo yaliyozungukwa na kuta. Tunapanda juu ya kuta. Mvua ikija, maji yanakaa kwenye mashimo na majani yanaozea ndani. Mwaka wangu wa kwanza mgongo ulikuwa ukiniuma hata nikiwa nimelala, na mama mkwe alikuwa akipita nyuma yangu akizibomoa kuta zangu kwa mguu ili nizirudie. Tukazoeana hivyo.

Miaka ile, Mwingereza akiwa bado anatawala, maofisa wa kilimo walikuwa na maneno mengi juu ya matuta. Walitaka watu walime matuta marefu yanayokatiza mteremko, na kulikuwa na uvumi kwamba tutalazimishwa. Yule mtafiti alikuja kulipima jambo hilo: ngoro na matuta, kipi kinazuia udongo. Ukweli ni kwamba lilikuwa swali zuri. Kilichonichosha ni kwamba lilikuja kuulizwa juu ya maharage yangu.

Alikuwa kijana mrefu, mwekundu shingoni, mwenye adabu kupita kiasi. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha njiani, na alimwambia kila mtu shikamoo, hata watoto wa kubebwa mgongoni. Bwana shamba, mtu wa upande wa Songea aliyevaa kaptula zilizonyooshwa kama karatasi, ndiye aliyekuwa mkalimani wake na ndiye aliyeachiwa kazi ya kupima.

Siku ya kwanza walikwama kwenye swali dogo. Mtafiti alitaka kujua shamba ni la nani, ili apate ruhusa ya mwenyewe.

"La kwangu," alisema mume wangu.

"La kwake kivipi?" alisema mama mkwe kwa Kimatengo, kwa kuwa Kiswahili alikielewa lakini hakupenda kukisema. "Baba mkwe wangu ndiye aliyenikabidhi mimi."

"Basi ni la huyu mama?" bwana shamba akauliza.

"Ni la ukoo," akasema mama mkwe.

"Na anayelima ni nani?"

Wote wakanitazama. Nikasema ninalima mimi. Bwana shamba akavua kofia, akajifuta jasho. "Jamani, bwana anataka mtu mmoja. Mmoja tu!" Mtafiti alikuwa ametega sikio kwa hamu, akitaka atafsiriwe kila neno, na nadhani angefurahi tukiendelea hadi jua kuzama. Lakini bwana shamba alichoka, akamwonyesha mume wangu kwa kidole, na mambo yakaishia hapo. Mume wangu akaweka dole gumba kwenye karatasi na kurudi kwenye kahawa.

Baada ya hapo walileta mabati wakayazika yakiwa yamesimama wima kuzunguka vipande viwili vilivyokaa sambamba, kingo zikatokeza juu kama masikio. Kipande kimoja tukachimba ngoro, mimi na mama mkwe. Kingine vibarua wakalima matuta. Chini ya kila kipande wakazika pipa, na mfereji wa bati ukaelekeza maji humo. Mvua ikinyesha, chochote kilichoshuka kutoka kwenye kipande kingeingia kwenye pipa lake. Bwana shamba angekuja kila baada ya mvua, atumbukize ufito kupima maji, achote na tope alipeleke likakaushwe na kupimwa uzito. Tuliambiwa tupande siku tutakayoambiwa na tupalilie siku tutakayoambiwa.

"Na tukiona magugu kabla ya siku hiyo?" nikauliza.

"Muyaache," akasema bwana shamba.

Niliyaacha, nikawa napita kila asubuhi nayaangalia yanavyonenepa. Mkulima akiambiwa aangalie magugu akiwa na jembe begani, anaweza kuugua.

Maharage ya mwanzo yakapita, mvua zikawa chache, mapipa yakapata vijiko vichache vya tope. Mtafiti akaenda zake kufanya kazi nyingine, akasema atarudi katikati ya masika makubwa, mahindi tunayopanda baada ya maharage yakiwa yamesimama.

Masika yale hayakuwa na huruma. Kijito chetu kiligeuka rangi ya chai ya maziwa, na njia ya kushukia ikawa utelezi mtupu. Mama mkwe alikuwa na goti bovu. Kila nikirudi kutoka mtoni nikiwa nimechafuka mpaka kiunoni, nilimkuta ana maji mtungini, meupe, naye ametulia, anakoka moto. Nilidhani kuna jirani mwema. Siku moja niliwahi kurudi, nikamwona anapanda kwa njia isiyo ya mtoni, mtungi kichwani, anachechemea.

"Mama, umetoka wapi?"

"Pale chini."

"Pale chini wapi?"

Akautua mtungi taratibu. "Kwenye lile pipa la ngoro. Yakilala usiku mmoja yanatulia vizuri. Lile la matuta ni tope tupu, halifai hata kuoshea miguu."

"Mama, yale ni maji ya yule bwana!"

"Mvua ilinyesha kwake?"

"Anayapima!"

"Si yapo? Kwani nayamaliza?" Akaangalia kuleee chini, akafikiria. "Ile juzi niliyamaliza. Nilikuwa naloweka ulezi wa pombe."

Nilikwenda kwa mume wangu kwenye kahawa yake, nikamweleza. Aliacha kupogoa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema bado. "Basi usimwambie," akasema, akaendelea kupogoa.

Nikasubiri bwana shamba aje. Alikuja jua likiwa limewaka kwa siku kadhaa, kaptula safi. Nilimsalimia, nikamwambia wazi kwamba pipa la ngoro linachotwa maji. Nilitegemea akasirike. Badala yake alinivuta pembeni, nyuma ya migomba.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hilo neno usilirudie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitakiwa nije kila mvua. Wewe mwenyewe umeona njia ya kutoka kwangu. Mvua ikinyesha nakuja na nini, mabawa? Nakuja nikiweza. Bwana akijua pipa limechotwa, atauliza mimi nilikuwa wapi. Nina watoto, dada."

"Na mimi nina shamba."

"Shamba lako limefanya vizuri! Linaonekana halitoi maji kabisa. Kuna ubaya gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wamekielewa wenzangu wote kabla yangu. Pipa likiwa tupu, ngoro ndiyo iliyoshinda. Ngoro ikishinda, matuta hayaji. Habari ilikuwa imeshatembea kijiji kizima, kwani mume wangu, aliyeniambia ninyamaze, alikuwa amewasimulia kilabuni. Wanawake nilioteka nao maji walinipongeza kwa sababu ya mkwe wangu, kana kwamba alikuwa amepanga vita. Mmoja aliniambia, "Wewe wa ziwani usije ukatuharibia." Alisema akicheka, lakini alisubiri nijibu.

Ningenyamaza. Sipendi kujifanya mtu wa haki kuliko wengine. Siku ile ningenyamaza kabisa, nikaendelea kukanyaga utelezi wangu. Lakini mtafiti alirudi. Bwana shamba akamsomea vipimo vyake, na yule kijana akaenda mwenyewe kulichungulia pipa, akarudi anang'aa uso. Alimshika mama mkwe mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, kwa Kiswahili chake, "Mama, shimo lako nzuri sana. Maji hapana toka. Hapana toka kabisa!" Mama mkwe akaitikia marahaba, ingawa safari hii hakuwa ameamkiwa.

Kisha akatangaza mipango. Matokeo kama yale hayajapata kuonekana, kwa hiyo kazi itaendelea misimu mingine. Na kwa kuwa kipande kimoja hakitoshi kuthibitisha jambo kubwa namna hiyo, ataongeza kingine chenye mteremko mkali zaidi, kile cha nyuma ya nyumba. Wakubwa kutoka Songea watakuja juma lijalo kujionea.

Kile cha nyuma ya nyumba kilikuwa ndicho kipande changu cha mwisho cha maharage.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama buti za mtafiti.

"Umeshakubali?" nikamuuliza baadaye, tulipobaki wenyewe.

"Mama watoto, ningesemaje? Tukikataa watashuku."

"Tutakula nini?"

"Utapata kipande kwa kaka."

"Kaka yako ana wake wanaokula pia!"

"Basi ulitaka matuta?" akapaza sauti. "Ndiyo unayoyataka? Useme!"

Nilitaka maharage. Lakini nyumba nzima, na nadhani mlima mzima, ilikuwa imefikia mahali ambapo mtu akitaka maharage anaonekana amesimama upande wa serikali. Mama mkwe, aliyeanzisha yote kwa sababu ya goti, alikaa kizingitini akichambua mboga, na wala hakuinua uso. Nilimwuliza atalima nini mwaka ujao. Akasema Mungu anajua. Nilikwenda kulala nimevimba kwa hasira kama unga uliotiwa chachu.

Wageni walikuja asubuhi yenye jua, mvua kubwa ikiwa imenyesha juzi yake. Walikuwa Wazungu wachache waliovaa kofia za jua, karani mmoja, jumbe wetu na wazee wa baraza. Mtafiti aliwapanga kwenye ukingo wa shamba na kuwaeleza kwa Kiingereza, akipunga mikono kutoka kwenye ngoro hadi kwenye pipa. Bwana shamba alikuwa akitufasiria sisi kidogo kidogo. Mwishoni mtafiti akataka wenye shamba nao waseme. Mume wangu alishukuru. Mama mkwe alishukuru kwa kutikisa kichwa. Nami nikaulizwa.

Nilisema kwa Kiswahili cha taratibu, kile nilichofundishwa na masista shuleni: "Mwambie bwana kwamba pipa lile likionekana tupu, si kwa sababu ya ngoro. Sisi tunachota maji yake nyumbani."

Bwana shamba aligeuka, akasema maneno ya Kiingereza. Yalikuwa machache mno. Wageni wakatabasamu, mmoja akaniinamishia kofia.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimesema unaifurahia kazi hii."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile tena, hata wanangu walipoanza kuoa. Niliingia jikoni nikachukua debe. Nilitoka nalo, nikapita mbele ya jumbe, mbele ya wazee, mbele ya kofia zote, nikashuka ukingoni mwa mabati mpaka kwenye pipa la ngoro. Nikafunua ubao, nikainama, nikachota, nikajitwika. Mama mkwe alikuwa bado hajachota tangu mvua ya juzi, kwa hiyo debe lilijaa. Nikapanda nalo taratibu, maji yakinidondokea shingoni, nikapita mbele yao wote tena, nikayamimina kwenye mtungi wa nyumbani ili wasikie yanavyoingia.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kisha mama mkwe akasema kwa Kimatengo, "Usiyamalize, na mimi nataka ya kuoga," na mzee mmoja wa baraza akaanza kukohoa kicheko ambacho hakuweza kukizuia.

Wakubwa waliondoka mapema. Mtafiti hakuondoka nao. Alikaa kwenye ukuta wa ngoro, kofia magotini, akiutazama mtungi wetu kupitia mlango wa jiko. Nilidhani atalia, na nikaanza kumwonea huruma, jambo lililozidi kuniudhi, maana sikuwa nimemaliza kukasirika. Mwishowe akaniita. Akauliza, kwa Kiswahili chake, siku zipi tulichota.

Nikamgeukia mama mkwe.

"Siku za mvua," akajibu.

"Madebe mangapi?"

"Mwambie mimi ni mtu mzima, sihesabiwi maji."

Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, si sana, lakini alicheka. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea: kwamba vipimo vyote vya masika yale atavitupa, ataanza upya.

"Upya wapi?" nikauliza.

"Hapa hapa," akasema.

Mume wangu aliacha kunisemesha, hata mahindi yalipovunwa. Alizungumza na mimi kupitia watoto: mwambieni mama yenu hivi, mwambieni mama yenu vile. Wanawake wa mtoni walinyamaza nilipofika. Nilichoka nikawachukua watoto wadogo tukashuka Ngumbo kwa mama yangu, nikala usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na muhogo mpaka moyo ukatulia kiasi cha kurudi. Niliporudi nilikuta mapipa yamewekewa vifuniko vya chuma na kufuli, na hema la mtafiti limesimamishwa karibu kabisa na migomba yetu, kwa kuwa sasa alikusudia kupima kila mvua mwenyewe.

Alipima. Masika yaliyofuata nilikuwa namsikia akipita na taa yake kwenye matope, akianguka, akisema maneno ya kwao. Pipa la ngoro halikuwa tupu tena. Lilipata maji, wakati mwingine mengi, na kila lilipofunguliwa mume wangu alinitazama kwa jicho. Lakini tope ndani yake lilikuwa dogo, na lile la matuta lilijaa udongo mpaka mfereji ukaziba. Kisha ikaja mvua ya mchana kutwa, matuta yakapasuka kwa juu, moja likaangukia lingine, na yote yakatoka nje ya mabati yakaenda kufukia kahawa ya jirani yetu wa chini.

Jirani alikwenda barazani kumshtaki mume wangu, kwani dole gumba lililo kwenye karatasi lilikuwa lake. Mume wangu akasema matuta ni ya Mzungu. Bwana shamba akasema ardhi ni ya mume wangu. Jumbe akauliza udongo uliolala kwenye kahawa sasa ni wa nani, na wazee wakaligombania swali hilo hadi jioni, mtafiti akiwa amekaa nyuma anasikiliza kwa ile hamu yake ya siku ya kwanza. Mwisho tuliamriwa twende tukaizibue ile kahawa. Tulikwenda wote, na mtafiti naye alikuja na koleo. Mume wangu alifanya kazi karibu nami asubuhi nzima, kisha akaniambia, moja kwa moja, si kupitia kwa mtoto, "Nipe maji ya kunywa."

Nilimpa.

Siku ya kung'oa mabati nilimwuliza mtafiti kama amepata jibu. Akasema ndiyo, anadhani amepata, lakini lazima kwanza aliandike, na wenzake walisome, na wakubwa walijadili.

"Na sisi tutaambiwa lini?"

Akamtazama bwana shamba, naye akatazama mlimani. "Nitaandika barua," akasema. Nadhani alikusudia kweli.

Barua haikuja. Matuta nayo hayakuja upande wetu, na kama ni kwa sababu ya kazi yake au kwa sababu ofisa wa kilimo aliyeyataka alihamishwa, hakuna aliyepanda mlima kutueleza. Kila nilipokutana na bwana shamba sokoni nilimwuliza, naye kila mara alinijibu, "Bado, dada, bado wanajadili," akiharakisha kuondoka.

Mwezi wa tatu ulipofika mume wangu alikwenda kukata majani kwenye kile kipande bila kuambiwa. Udongo ulikuwa umekanyagwa na buti mpaka umekuwa kama sakafu, na kwenye mstari wa mabati tulikuwa tukiokota misumari. Mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa pembeni, goti limenyooshwa, akisema hapa zaidi, pale punguza. Nilimwambia akitaka kusema ashike jembe. Akasema nikitaka anyamaze nichimbe vizuri. Tukaendelea hivyo mpaka mchana, na kabla ya mvua ya jioni kuanza tulikuwa tumeshapanda maharage ya kwanza.